Magofu na vijiji tulivu: mwongozo kamili wa kwenda, kuangalia na kurudi salama

Safari yangu ya kwanza ya kwenda kuangalia gofu niliiharibu mwenyewe. Nilitembea karibu saa tatu kwa mguu, nikafika, nikakuta kuta nne na majani yamefika kiunoni, nikapiga picha kama arobaini hivi, nyingi nimo mwenyewe, dakika ishirini tu nikawa nimemaliza. Wakati wa kurudi nikapita kijiji cha jirani kuomba maji, mzee mmoja akanikaribisha nikae mlangoni kwake, na ile naweka chupa chini nikaona jiwe nililokalia limechongwa, lina maua pembeni na nusu ya herufi. Nikamuuliza hili mmelitoa wapi, akacheka, si huko ulikotoka? Babu yake ndo alilileta, kwa punda. Akaanza kunionyesha nyumba moja moja, ipi ina mawe ya kule na ipi haina, nani walihama mwanzo na nani waling'ang'ania mpaka mwisho, na mi nimekaa pale najua kabisa kwamba nimepoteza asubuhi nzima kuangalia mifupa wakati nyama ilikuwa huku.

Tangu siku hiyo gofu na kijiji kilicho jirani yake nakihesabu kitu kimoja. Mawe yalihamia kijijini, watu walihamia kijijini, na habari zikahamia nao. Mwongozo huu nimeuandika kwa mtazamo huo, kuanzia unavyochagua mahali mpaka ukisharudi nyumbani. Penye maelezo marefu ujue ndipo watu wanapokosea sana, kwingine nimepita haraka.

Hatua ya 1: Chagua mahali, ila jua kwanza palikufaje

Wengi wanachagua kwa picha waliyoiona mtandaoni, tao zuri, jua linazama, basi twende. Picha haikwambii pale palikufaje na watu wake walienda wapi, na hilo swali ndo la kulijibu ukiwa bado nyumbani maana linabadilisha kila kitu, vibali, hatari, mpaka namna ya kuongea ukifika.

Angalia tofauti yake. Oradour-sur-Glane kule Ufaransa ni kijiji kilichochomwa na wanajeshi wa Kijerumani tarehe 10 Juni 1944, wakauawa watu zaidi ya 640 siku moja, na kimeachwa vilevile mpaka leo, magari yaliyoungua, cherehani zimeshika kutu. Pale unaingia kama unavyoingia makaburini, selfi weka mfukoni. Belchite ya Hispania ilibomolewa kwenye mapigano ya mwaka 1937, kijiji kipya kikajengwa pembeni yake kabisa, na siku hizi huko kwenye gofu huingii bila mwongozaji. Tyneham ya Uingereza haikuguswa na adui, ni jeshi la nchi yao wenyewe lililochukua eneo mwezi Desemba 1943 kwa mazoezi, wanakijiji wakaacha karatasi mlangoni mwa kanisa wakiomba nyumba zao zitunzwe kwa sababu siku moja watarudi. Hawakurudi. Eneo bado linatumika kwa mazoezi ya risasi, kwa hiyo kuna siku pako wazi na siku pamefungwa, na kutoka nje ya njia iliyowekewa alama ni kutafuta kifo bure. Craco, kusini mwa Italia, iko juu ya kilima ambacho ardhi yake iliporomoka, watu wakaanza kuhamishwa mwaka 1963, na kinachokuangalia pale sio mzimu ni ukuta unaotaka kudondoka.

Halafu kuna yale yaliyokufa polepole bila kelele, na mi ndo nayapenda zaidi. Wharram Percy, kaskazini mwa Uingereza, wenye ardhi waliona kondoo wana faida kuliko wakulima, muda mfupi baada ya mwaka 1500 kijiji kikawa kimeisha, leo utakuta kanisa lisilo na paa na vituta vya majani, ukiwa hujui unaweza kupita katikati ya nyumba za watu ukidhani uko malishoni. Kisiwa cha Hirta kule St Kilda, visiwa vya mbali vya Scotland, watu 36 waliokuwa wamebaki waliomba wenyewe kuondolewa, wakaondoka tarehe 29 Agosti 1930, maisha yalishawashinda. Kayaköy ya Uturuki ilibaki tupu baada ya Uturuki na Ugiriki kubadilishana watu kwa makubaliano ya mwaka 1923, mamia ya nyumba za mawe hazina hata bati moja. Na Kilwa Kisiwani, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifia, Wareno wakaupiga mwaka 1505, biashara ikahama, lakini watu hawakuisha, mpaka leo kuna kijiji kinachoishi pembeni ya misikiti ile ya zamani. Ukienda mahali kama hapo halafu ukaangalia misikiti tu ukapanda mashua, umeangalia nusu.

Kwa safari ya kwanza achana na mahali penye jina kubwa. Tafuta gofu dogo lenye kijiji kinachokaliwa umbali wa kutembea kwa mguu, na kama kuna mawili ya kuchagua chagua lile ambalo wenyeji bado wana jina lao la kuliita, sio jina la kwenye ramani tu.

Hatua ya 2: Kazi ya nyumbani kabla hujagusa begi

Fungua picha za satelaiti za eneo, vuta karibu, angalia vichaka. Porini mistari iliyonyooka na pembe mraba ni nadra sana, ukiona kona ya ukuta ya nyuzi tisini katikati ya miti ujue kuna mkono wa mtu. Ramani za OpenStreetMap mara nyingi zina alama za magofu ambayo hata bango hayana. Ukipata ramani ya zamani linganisha na ya sasa, njia iliyokuwepo zamani na sasa haipo ndo njia watu walikuwa wanaingilia mjini, na ukiifuata hiyo utalifikia gofu kwa mlango wake wa mbele badala ya kutokea mgongoni.

Pakua ramani zote kwenye simu ziwe zinafunguka bila intaneti. Usiniambie netiweki siku hizi iko kila mahali, haipo, na ikiwepo ni mpaka upande juu ya kichuguu unyooshe mkono.

Ruhusa ni za watu watatu tofauti na watu wengi wanadhani ni mmoja. Kuna mamlaka ya mambo ya kale ya nchi husika, ambayo inaweza kutaka tiketi au kibali. Kuna mwenye ardhi, maana gofu linaweza kuwa limesajiliwa kama urithi na bado likawa ndani ya shamba la mtu. Halafu kuna kijiji chenyewe, ambacho kisheria huenda hakina neno lakini bila kukipitia hufiki mbali. Usije ukamwonyesha wa tatu karatasi ya wa kwanza ukadhani umemaliza.

Msimu nao. Mwisho wa kiangazi ndo majani yamekaa chini na kuta zinaonekana mpaka msingi, kwa nchi za baridi ni wakati miti imepukutisha majani. Ukame una faida yake ya ajabu kwenye kazi hii, mwezi Julai 2018 Ireland ilikauka vibaya mno, watu wakarusha droni karibu na Newgrange, kaburi la kale la huko, wakaona shambani mduara mkubwa mno wa kale ambao hakuna aliyejua kama upo, kwa sababu udongo uliowahi kuchimbwa unashika unyevu tofauti na mimea inayoota juu yake inabadilika rangi. Kwa hiyo kama ni mwaka wa ukame na wengine wanaahirisha safari, wewe ndo wakati wako.

Na cha mwisho hapa, usafiri wa kurudi. Sio wa kwenda, wa kurudi. Niliwahi kujisahau mahali fulani nikauliza basi la mwisho linapita saa ngapi nikiwa tayari nimeshalikosa, nikalala kwenye benchi la kituo kwa baridi isiyosemeka. Siku hizi nauliza hilo kabla ya kitu kingine chochote, na narudi njiani saa nzima kabla.

Hatua ya 3: Cha kubeba

Maji mengi kuliko unavyodhani. Viatu vinavyoshika kifundo cha mguu, suruali ndefu, kofia, fimbo ya kupekulia majani (kupekulia, sio kuegemea tu). Tochi hata kama unaenda mchana, nitasema kwa nini. Pawabenki. Dawa ya jeraha na bandeji. Filimbi ni kitu kidogo kabisa lakini ukianguka mahali hakuna mtu sauti yako itakauka ndani ya robo saa, filimbi haikauki. Daftari na penseli badala ya kalamu, penseli inaandika hata karatasi ikiwa na unyevu. Mwambie mtu mmoja unaenda wapi na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi.

Hatua ya 4: Pitia kijijini kwanza, hata kama gofu liko njiani

Hii watu wanaipuuza kweli. Mgeni anayeonekana anazungukazunguka kwenye magofu na begi mgongoni, kwa wenyeji wa karibu popote duniani, ana kazi moja tu, anatafuta hazina. Hadithi za dhahabu iliyofukiwa ziko kila penye ukuta wa zamani na wachimbaji wa usiku wameshawaletea watu shida ya kutosha. Kwa hiyo anza na salamu, kwa namna watu wa hapo wanavyosalimiana na kwa mkubwa wao kwanza, na kama hujui namna hiyo uliza kabla hujafika. Jitambulishe, sema umekuja kuangalia na kupiga picha, huchimbi, huchukui kitu. Kisha uliza kama kuna mtu anayeweza kwenda na wewe.

Huyo mtu mlipe, na mpatane kiasi mapema na kwa uwazi kabla hamjaondoka, msije mkaharibiana siku jioni. Hata kama njia unaiona kwenye simu bado mchukue, kwa sababu anajua kisima kiko wapi, nyuki wako wapi, na ng'ombe gani ana hasira. Na ukiwa naye hakuna mtu atakayekuuliza wewe ni nani.

Omba ruhusa ya kurudi kukaa kijijini mchana. Ukishaomba hivyo, wakati wewe uko gofuni kule nyuma watu wanaongea, na ukirudi utakuta mzee ameshaitwa.

Hatua ya 5: Kulisoma gofu

Hapa ndo penyewe. Gofu lisilo na bango linasomeka, ila lina herufi zake.

Usiingie ndani. Zunguka kwanza nje mara moja nzima, taratibu, mikono mfukoni na simu mfukoni. Ukiingia moja kwa moja unaanza kuona vyumba kabla hujajua nyumba ina ukubwa gani, na hapo unapotea.

Baada ya hapo angalia kuta kwa matundu. Matundu makubwa yaliyopangana mstari mmoja, kimo kimoja, ni mahali boriti za sakafu ya juu zilipoingia, maana yake palikuwa na ghorofa. Hakiki kwa kutazama juu ya huo mstari, ukiona mlango unaning'inia hewani, au kidaka, au alama za moshi wa jiko pale ambapo hakuna mtu angeweza kusimama, basi ni kweli. Matundu madogo yanayojirudia ngazi baada ya ngazi ukuta mzima ni kitu kingine kabisa, ni mahali mafundi walipochomeka miti ya jukwaa la kujengea. Mi nilikuwa nayachanganya haya miaka, nikiona tundu natangaza ghorofa.

Tafuta mishono ya wima. Fundi anayejenga ukuta mmoja anapishanisha mawe, kwa hiyo ukikuta mstari ulionyooka kutoka juu mpaka chini na mawe ya upande huu hayaingiliani na ya upande ule, kuta hizo mbili zilijengwa nyakati tofauti, na ule ulioegemea ndo wa baadaye. Ukishajua hili utaanza kuona nyumba inakua mbele ya macho yako, chumba kimoja, kikaongezwa cha pili, familia ikapata hela wakaongeza ukumbi, baadaye mambo yakawa magumu wakaziba mlango (mlango uliozibwa unajulikana, mawe yake ni ya rangi nyingine na yamepangwa kwa haraka) wakabaki upande mmoja.

Angalia yameshikwa na nini. Great Zimbabwe haina udongo wala chokaa katikati ya mawe, yamepangwa tu, na ukuta wa nje wa ule uzio mkubwa unafika mita 11 kwenda juu na mzunguko wa kama mita 250, unasimama kwa sababu chini ni mnene kuliko juu na kila jiwe linabanwa na wenzake. Thimlich Ohinga ya Kenya, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, nayo ni mawe makavu vilevile. Sasa ukuta wa aina hiyo ukichomoa jiwe moja la chini umeua ya juu yote, ndo maana haupandwi hata kidogo. Ukienda Gede, pwani ya Kenya, hadithi nyingine, pale ni matumbawe na chokaa, na kuna kaburi lenye mwaka umechongwa unaolingana na 1399, kitu adimu sana kwa sababu magofu mengi hayakuachi na tarehe mkononi.

Jihadhari na kilichokarabatiwa. Sehemu ya ukuta unayoisifia inaweza kuwa na umri mdogo kuliko wako. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka sehemu mpya iliyoongezwa ijulikane kuwa ni mpya, na Masada, ngome ya kale kule Israel, walichora mstari mweusi ukutani, chini ya mstari ni ukuta uliokutwa, juu ya mstari ni uliopandishwa upya. Kwingine huwekewi mstari, inabidi uangalie mwenyewe, saruji ya kisasa ni ya kijivu, ngumu, kingo zake kali, chokaa ya zamani ni nyeupe au ya rangi ya udongo na inamenyeka taratibu.

Halafu tazama kisichokuwepo, hili ndo linalonifurahisha kuliko yote. Kona za nyumba, fremu za milango na madirisha, ngazi, hayo ndo mawe yaliyochongwa vizuri na ndo yanayobebwa kwanza. Ukikuta ukuta umebaki tumbo tu, kokoto na chokaa iliyojaa katikati, sura yote ya nje imekwanguliwa, hapo mvua haihusiki, ni watu waliokuja na mikokoteni. Ukuta wa Hadrian kule Uingereza, ambao Warumi walianza kuujenga mwaka 122, umeishia kwenye mashamba na nyumba za eneo zima, na watawa wa Lanercost, monasteri ya jirani, nao walijengea mawe yake. Andika kwenye daftari kinachokosekana, jiwe la aina gani, rangi gani, limechongwaje. Mchana utayatafuta kijijini.

Usisahau chini. Asubuhi mapema au jioni jua likiwa limelala, vituta vya nusu futi vinatoa vivuli na ramani ya nyumba inajichora yenyewe, saa sita mchana hapo hapo hutaona kitu, uwanja mtupu. Mimea nayo inasema, penye choo, zizi na majivu ya jiko udongo unakuwa na fosforasi nyingi kwa mamia ya miaka, na kuna magugu yanayopenda sana udongo huo, kwa hiyo kipande kinene cha magugu ya namna moja mara nyingi ni ua la nyuma la mtu. Miti ya matunda iliyosimama mstari haikujipanda.

Mwisho tafuta maji. Hakuna watu waliojenga kwa mawe mahali pasipo na maji, kama huoni kisima wala mto kuna birika la kuhifadhia maji mahali, au mto ulihama, na kama mto ulihama basi pengine umeshapata kilichowahamisha watu.

Kabla hujatoa simu kupiga picha kaa chini uchore. Dakika kumi tu. Hata kama unachora kama mtoto wa chekechea, mchoro unakulazimisha kuamua ukuta huu unaishia wapi, kamera haikulazimishi chochote.

Hatua ya 6: Mahali watu wanapoumia

Ukuta usiupande, usiuegemee, usikae chini yake kula. Linta, lile jiwe au boriti ya juu ya mlango, ikiwa imepasuka katikati usipite chini yake, tafuta njia nyingine hata kama ni ya mbali. Baada ya mvua kubwa ahirisha, maji yanaingia katikati ya ukuta, chokaa inalainika, na kuporomoka kunaweza kutokea siku jua limeshawaka tena, sio lazima wakati wa mvua.

Visima na mabirika ndo hatari zaidi kuliko kuta, sababu huvioni. Majani yanafunika mdomo kabisa. Gonga mbele yako kwa fimbo, ukisikia sauti ya uwazi rudi nyuma kwa hatua zilezile ulizokujia. Tochi niliyosema ni ya vyumba vya giza, kabla hujaweka mguu wala mkono ndani mulika kwanza pembeni na juu, nyoka anapenda ubaridi, popo wanapenda dari na nyuki wanapenda nyufa. Shimo la chini ya ardhi usiingie hata kama mwongozaji anasema yeye anaingiaga.

Usiokote. Kigae kidogo cha chungu kilichoanguka mahali pake kinamwambia mtaalamu umri wa sakafu ile, kikishaingia mfukoni kwako ni takataka. Kule Pompeii, mji wa Kirumi wa Italia uliofukiwa na volkano, wageni wamekuwa wakirudisha kwa posta vipande walivyoiba, na barua za kuomba msamaha, wanadai vimewaletea nuksi. Mambo ya nuksi sijui, ila kipande kilichorudi kwa bahasha hakirudi mahali pake, hakuna anayejua kilikuwa chumba gani. Kifaa cha kutafutia madini acha nyumbani, nchi nyingi kukutwa nacho mahali kama hapo bila kibali ni kesi.

Hatua ya 7: Mchana kijijini

Rudi ukae. Kijiji kilicho kimya sio kijiji kilichokufa, mara nyingi watu wako mashambani au wamejipumzisha jua kali, na nyumba iliyofungwa dirisha ina mwenyewe anayekuja mara mbili kwa mwaka. Nimeona watu wazima na akili zao wanasukuma mlango wa nyumba ya mtu wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Namna ya kuuliza ndo kila kitu. Ukimwuliza mzee "historia ya hapa ni ipi" atakupa ile rasmi, dakika tatu, aliyoisikia kwa mgeni aliyetangulia. Muulize vitu vidogo. Mlipokuwa watoto mlikuwa mnacheza kule au mlikatazwa? Kile kilima kinaitwaje, na kwa nini? Nani alikuwa wa mwisho kuchota maji kwenye kile kisima? Mawe ya ukuta huu yametoka wapi? Hilo la mwisho uliza huku umeshalishika jiwe lenyewe, na kama ulichora kule gofuni mwonyeshe mchoro, ataurekebisha, hawezi kuvumilia, atachukua penseli mwenyewe.

Uliza watu wawili au zaidi, wanaume kwa wanawake, kwa sababu hawajui vitu vilevile. Wakipingana usiamue nani mkweli, andika zote mbili na jina la ukoo gani umesimulia nini kama wamekuruhusu, maana mara nyingi ukoo mmoja unasimulia walivyofika na mwingine unasimulia walivyokuta wenzao. Usimsahihishe mtu kwa ulichosoma kwenye simu. Kitu ambacho hawataki kukisema utakijua, watabadilisha mada mara mbili, ya tatu usirudie.

Nunua kitu pale kijijini, chochote wanachouza, hata kama begi lako limejaa. Watoto usiwagawie hela wala pipi barabarani, unawafundisha kukimbilia wageni, kama una cha kutoa mpe mtu mzima anayehusika.

Picha, droni na kuposti

Mtu muombe ruhusa kwanza, na usimpige picha halafu ndo uulize. Makaburi na nyumba za ibada zinazotumika uliza hata kama ni magofu, maana paa kuanguka hakumaanishi watu wameacha kusali hapo, na viatu, kichwa na nguo fuata wanavyokwambia. Droni inahitaji kibali nchi nyingi, na ukiwa nacho bado fikiria mifugo, kundi likishtuka likakimbilia mazao ya mtu utalipa wewe.

Ukiposti, gofu lisilo na mlinzi usiweke mahali lilipo kwa usahihi wa GPS. Taja wilaya au mkoa inatosha, anayetaka kweli ataenda kuuliza, anayetaka kuchimba hatapata njia ya mkato kutoka kwako.

Ukisharudi

Usiku huohuo safisha maelezo yako, usisubiri wikiendi, penseli ya daftarini inasomeka lakini kichwa kinasahau nani alisema lipi. Ziweke picha kwa mpangilio uliozunguka nao, nje kwanza, ukuta baada ya ukuta, na picha za mawe ya kijijini ziweke pembeni ya picha ya mahali yalipotolewa. Mi hapo ndo napata vitu ambavyo sikuviona nikiwa nimesimama pale, siku moja niligundua kizingiti cha nyumba mbili tofauti ni jiwe moja lililopasuliwa katikati.

Kama umeona ukuta umechimbwa upya au jiwe limetoka karibuni, toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale na kwa uongozi wa kijiji, na picha yenye tarehe. Na zile picha ulizowaahidi watu, zichape kwenye karatasi uzitume, hata kwa dereva wa basi. Yule mzee wa safari yangu ya kwanza, wa jiwe la mlangoni, nilimtumia picha tatu, kwenye moja nilikuwa nimepiga ile nusu ya herufi kwa karibu, na aliyekuja kuchukua bahasha akanipigia simu kusema nusu ya pili iko kwa shemeji yake, ng'ambo ya bonde, imejengewa zizi la mbuzi.